Nyanya kichwa chini: mwongozo kamili wa kulima nyanya katika ndoo za kuning'iniza, Tanga mjini

Nyanya nyingi zinazouzwa katika masoko ya Ngamiani na Mgandini huteremshwa kutoka milima ya Usambara, na mkazi wa mjini anayejaribu kuotesha zake uani hukutana na vikwazo vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni nafasi, kwa kuwa nyua za Makorora, Mikanjuni na Ngamiani zimebanana na nyingi zimesakafiwa kwa saruji. Cha pili ni udongo, ambao mara nyingi umeshalimwa nyanya, biringanya au nyanya chungu miaka na miaka, ukabaki na minyoo fundo (minyoo midogo mno inayovimbisha mizizi) pamoja na vimelea vya mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoweza kuulaza mmea wenye afya ndani ya siku chache majani yakiwa bado ya kijani. Cha tatu ni joto la pwani. Kilimo cha kichwa chini, ambapo mche hupitishwa kwenye tundu lililotobolewa kitakoni mwa ndoo, mizizi ikabaki juu ndani ya udongo na shina likaning'inia hewani, huondoa kikwazo cha kwanza na hupunguza sana cha pili. Cha tatu hakikiondoi, na ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza msimu, upande wa nyumba na maji kuliko ndoo yenyewe.

Mtindo huu ulipata umaarufu Marekani katika miaka ya 2000, kupitia matangazo ya televisheni ya mfuko wa kuning'iniza ulioitwa Topsy Turvy. Aliyeyaona matangazo ya aina ile, yenye mmea uliosheheni matunda toka juu hadi chini, ayaweke kando. Mmea wa kichwa chini haumshindi mwenzake uliopandwa wima katika ndoo ya ukubwa uleule na kupewa matunzo yaleyale, na mara nyingi huzaa pungufu kidogo, kwa sababu shina hutumia nguvu nyingi kujipinda kuutafuta mwanga wa juu. Mwenye kiwanja chenye udongo safi hana haja ya kuhangaika na kamba na ndoano. Apande ardhini, aendelee na mambo yake. Njia hii ni ya mwenye baraza, kenchi imara na ua wa saruji.

Msimu na upande wa nyumba

Ua la nyanya hutunga tunda vizuri wakati usiku umepoa. Joto la usiku likizidi nyuzi 24 kwa mfululizo, chavua hudhoofika na maua hupukutika hata kama mmea unanawiri kwa majani. Hali hiyo ndiyo ya Tanga kuanzia Desemba hadi Machi, na mtu anayepanda wakati huo huishia kuwa na pazia zuri la kijani lisilo na matunda. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapotawala, usiku hupoa hadi karibu nyuzi 20, na hapo ndipo maua yanapaswa kufunguka. Basi hesabu ipigwe kurudi nyuma: ili maua yaanze mwanzoni mwa Julai, mbegu zipandwe mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na miche (ya kuotesha au ya kununua) ihamishiwe kwenye ndoo mwishoni mwa Mei au wiki ya kwanza ya Juni, mvua za masika zinapoanza kuachia. Mavuno huangukia Agosti, Septemba na sehemu ya Oktoba.

Upande wa nyumba una uzito uleule. Tanga iko kwenye nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika Juni, Julai na Agosti jua la mchana hupita upande wa kaskazini, wakati kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na, kwa nyumba zilizo karibu na bahari kama za Raskazone, huja na chembechembe za chumvi zinazounguza kingo za majani. Ukuta unaotazama kaskazini, ambao kwa Tanga ndio upande wa kibla, hupata jua na wakati huohuo hukingwa na upepo. Ikiwa upande huo umezibwa na nyumba ya jirani, ukuta wa mashariki unafaa, mradi mmea upate jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa sita kwa siku. Ukuta wa magharibi ni wa kukimbilia pale tu unapokosa kwingine, kwa kuwa jua la alasiri huipasha ndoo hadi mizizi ikaungua.

Ndoo itundikwe ndani kidogo ya ukingo wa paa, kama shubiri moja kutoka ukingoni. Katika miezi hiyo jua la saa sita mchana huwa limeinamia kaskazini, kwa hiyo paa huitia ndoo kivuli huku mmea unaoning'inia chini yake ukibaki juani. Hii ndiyo hali bora: mizizi baridi, majani yenye mwanga. Pia kwa kuwa ndani ya ukingo, ndoo haipigwi na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati.

Ndoo, kamba na mahali pa kutundika

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana ndiyo inayofaa. Ndoo ya lita 10 hukauka mara mbili kwa siku mmea unapokomaa, na ni nyanya ndogo pekee zinazoivumilia. Chagua rangi nyeupe au nyingine ya kung'aa. Ndoo nyeusi au ya bluu iliyoiva hunyonya joto. Ndoo zilizokuwa na mafuta ya kupikia ni nzuri kuliko zote, na za rangi ya maji zinakubalika zikisuguliwa mpaka tando lote litoke, lakini ndoo iliyowahi kubeba dawa ya viwandani, rangi ya mafuta au kemikali isiyojulikana isitumike kwa chakula kwa namna yoyote.

Kabla ya kutoboa chochote, fikiria uzito. Udongo mtupu ulioloa katika ndoo ya lita 20 hukaribia kilo 30. Mchanganyiko mwepesi unaoelezwa hapa chini huipunguza ndoo hadi kilo 17 au 20, na bado huo ni mzigo utakaobembea mchana na usiku kwa miezi minne. Usitundike kwenye dari ya jipsamu wala kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) iliyopigiliwa kwa misumari miwili. Tundika kwenye kenchi yenyewe, kwa kuzungushia kamba au kwa boliti yenye pete iliyopenya mbao hadi upande wa pili na kufungwa kwa nati na washa. Palipo na mbao iliyoliwa na mchwa, au kenchi isiyofikika, ni salama zaidi kusimika nguzo mbili uani na kulaza boriti moja juu yake. Boriti ya mkoko yenye unene wa mkono hubeba ndoo tatu zilizoachana kwa sentimita 70 bila kulalamika, mradi nguzo zisiwe mbali sana.

Kamba ina mtego wake, hasa katika mji huu. Kamba ya katani ni rahisi kupatikana na inapendeza machoni, lakini kamba inayololoweshwa kila siku kisha ikakaushwa na jua huoza kuanzia ndani, na huwa haitoi taarifa kabla ya kukatika. Katani iachiwe kazi ya kufungia matawi. Kwa kutundikia, tumia kamba ya nailoni ya wavuvi, isiyopungua milimita 8 kwa unene, au mnyororo mwembamba. Mkono wa ndoo nao usiaminiwe, kwa kuwa vishikizo vya plastiki vinavyoushikilia huliwa na jua na kupasuka; zungusha kamba ya pili chini ya ukingo mnene wa mdomo wa ndoo, ipitishe kwenye matundu matatu yaliyotobolewa chini ya ukingo huo, kisha ziunganishe kamba zote juu kwenye ndoano moja.

Kimo kizuri ni pale ambapo kitako cha ndoo kiko mita moja na nusu kutoka sakafuni. Mmea hupata nafasi ya kushuka, na mtu mzima huweza kumwagilia kwa jagi akinyoosha mkono, bila kupanda stuli.

Mchanganyiko wa udongo

Usichote udongo wa uani mahali palipowahi kuoteshwa nyanya au jamaa zake, yaani biringanya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo, kwani kufanya hivyo ni kuubeba mnyauko na kuutundika hewani. Changanya sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyopondwa na kuchambuliwa, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa isiyo na harufu, na sehemu moja ya udongo wa juu uliotoka mahali safi. Makumbi ndiyo siri ya wepesi wa ndoo, na kwa Tanga hayanunuliwi: kila nyumba inayokuna nazi huyatupa au huyawashia moto. Kuyaponda kwa nyundo ya mti ni kazi ya kuchosha, na hakuna njia ya mkato isipokuwa kuyaloweka usiku kucha kwanza.

Kuna tahadhari moja. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba yamejaa chumvi, na hata yale makavu ya nyumbani huwa na chumvi zake za asili. Yaloweke katika maji ya bomba siku moja, yakamue, badilisha maji, na urudie mara tatu. Maji ya mwisho yanapaswa kuwa na rangi ya chai nyepesi. Asiyeweza kupata makumbi ya kutosha anaweza kutumia pumba za mpunga kutoka mashineni, zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu.

Udongo usioaminika unaweza kusafishwa kwa moto: utie kwenye pipa au sufuria kuukuu ukiwa na unyevu, funika, na uupashe taratibu hadi katikati yake kusiweze kushikika kwa mkono, kisha uuache katika joto hilo kwa nusu saa. Utapoa kwa siku nzima kabla ya kuchanganywa na samadi.

Mbegu na miche

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu huchagua nyanya kubwa ya kuvutia. Tunda kubwa lina mikosi miwili katika ndoo ya kuning'inia: huvuta tawi hadi likachanika, na huoza kitako upesi maji yanapokosa mpangilio. Chaguo la kwanza liwe nyanya ndogo za mviringo, iwe ni cheri za dukani au zile za kienyeji zinazojiotea kando ya mashamba na majalala, ambazo huvumilia joto la pwani kuliko karibu zote. Chaguo la pili ni aina fupi zinazokoma kurefuka zenyewe, kama Cal J na Roma VF. Aina ndefu kama Anna F1 au Money Maker hukua bila kukoma na zinahitaji kukatwa kila wiki; si haramu kuzipanda, ila zitakusumbua. Zisome pia herufi zilizo kwenye pakiti: V na F huonyesha ustahimilivu dhidi ya minyauko ya aina mbili ya fangasi, na N dhidi ya minyoo fundo.

Mbegu hupandwa kwenye vikombe au trei zenye mchanganyiko uleule uliochekechwa, kwa kina cha nusu sentimita, barazani ambako matone ya masika hayafiki. Huota kati ya siku 5 na 8, na mche huwa tayari baada ya wiki nne au tano, ukiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Mche mnene mfupi una faida kuliko mrefu mwembamba uliokosa mwanga.

Kupanda

Wengi huitundika ndoo tupu, wakausukuma mche kutoka chini na kujaza udongo kutoka juu. Inawezekana, lakini inahitaji watu wawili na mche huvunjika mara kwa mara. Njia iliyo bora ni kuupanda mche ndoo ikiwa imepinduliwa sakafuni, na kuutundika baadaye, mizizi ikishashika.

Toboa tundu katikati ya kitako cha ndoo, lenye upana wa sentimita 5, ama kwa drili ama kwa kipande cha bomba la chuma kilichopashwa moto, ukifanya kazi hiyo mahali penye hewa kwa sababu moshi wa plastiki ni sumu. Lainisha kingo kwa msasa, kwa kuwa kingo kali hulikata shina taratibu kadiri upepo unavyolibembeza. Kisha kata kipande cha sponji ya godoro kuukuu, cha mviringo, chenye upana wa kiganja na unene wa vidole viwili; kichane kutoka ukingoni hadi katikati kama unavyopasua chapati kwa mkato mmoja, na katikati ufanye kitundu cha unene wa penseli. Sponji hii hukaa ndani ya ndoo juu ya tundu, huushika mche, huzuia udongo usimwagike, na hupunguza matone yanayodondokea majani.

Sasa ilaze sponji kitakoni ndani ya ndoo, jaza mchanganyiko hadi mdomoni ukiushindilia kwa ngumi kila baada ya sentimita 10, funga mfuniko kwa nguvu, na upindue ndoo ili isimame juu ya mfuniko wake. Tundu sasa liko juu. Iache sponji ionekane tunduni, panua mchano wake, chimba kwa kidole shimo la kina, ondoa majani ya chini ya mche na uuzamishe hadi kibaki juu kishungi cha majani manne au matano tu. Shina la nyanya lililozikwa huota mizizi mipya kwa urefu wake wote, na mizizi hiyo ndiyo itakayoubeba mmea. Rudisha sponji ilikumbatie shina bila kulibana.

Iache ndoo hivyo kwa wiki mbili hadi tatu, ikipata jua la asubuhi na maji kidogo kupitia tundu. Mche ukivutwa kwa upole ukakataa kutoka, pindua ndoo jioni, jua likiwa limeshatua, itundike, na ufungue mfuniko. Udongo utakuwa umeshuka kidogo, ongeza. Siku mbili au tatu za mwanzo ncha ya mmea itaanza kugeukia juu na shina litapinda kama ndoana. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa, na kuufunga uzito ili unyooke ni kuutesa. Matunda yatakapokuja, yenyewe yatalishusha.

Maji

Kila kinachoharibika katika kilimo hiki huanzia hapa. Ndoo iliyotundikwa hupigwa na hewa pande zote na haina ardhi ya kuikopesha unyevu. Mmea mchanga hutosheka na nusu lita hadi lita moja kwa siku. Ukishabeba matunda utahitaji kati ya lita moja na nusu na tatu, kutegemea jua na upepo. Usiende kwa kipimo cha macho, kwani udongo wa juu hukauka wakati wa chini ungali umeloa. Weka kiganja chini ya ndoo uiinue kidogo: baada ya siku chache mkono wenyewe utajua ndoo iliyoshiba na ndoo yenye kiu.

Mwagilia alfajiri au asubuhi mapema, polepole, kwa awamu mbili zilizopishana kwa dakika kumi, hadi matone machache yatokee chini. Kinachodondokea majani asubuhi hukauka kabla ya adhuhuri, lakini kinachodondoka jioni hukesha juu ya majani na kualika bakajani, ugonjwa wa madoa ya majani. Kwa anayeshinda kazini, chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwenye kizibo kwa pini ya moto, ikachomekwa kichwa chini kwenye udongo wa juu, huachia maji kidogokidogo hadi alasiri.

Aina ya maji ni suala zito kwa Tanga. Maji ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani katika mto Zigi, ni matamu na yanafaa. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvichumvi. Maji yake yanaweza kuoshea vyombo, lakini katika ndoo chumvi hujikusanya siku hadi siku, mizizi hushindwa kunyonya, na matunda huanza kuoza kitako. Doa jeusi kavu chini ya tunda hudhaniwa kuwa ugonjwa na kupuliziwa dawa bure. Chanzo chake ni madini ya chokaa (kalsiamu) kutofika kwenye tunda, na katika ndoo sababu karibu siku zote ni ukame wa leo unaofuatwa na mafuriko ya kesho.

Funika uso wa udongo kwa makumbi yasiyopondwa. Wengine huotesha mrehani juu ya ndoo, na kwa kweli hupendeza na kunukia, lakini nao unakunywa; mwenye uhaba wa maji asiuweke.

Mbolea, wadudu na magonjwa

Wiki tatu baada ya kutundika, anza kuyeyusha kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 katika lita mbili za maji, na umpe kila mmea mara moja kwa wiki mbili, udongo ukiwa tayari umeloa. Maua yanapoanza, kijiko nusu cha mbolea ya CAN katikati ya vipindi hivyo kinatosha. Mmea wenye majani makubwa ya kijani kizito na maua machache umezidishiwa. Acha mbolea kwa wiki tatu.

Kuning'inia hakuukingi mmea na wadudu warukao. Kantangaze, nondo mdogo aliyeingia Tanzania mwaka 2014, huchora njia nyeupe ndani ya majani na kutoboa matunda. Jani lenye njia hizo lichumwe na kuchomwa siku hiyohiyo, kwa kuwa katika mimea mitatu au minne mkono hushinda dawa. Inzi weupe hueneza kirusi kinachokunja majani, ambacho wakulima hukiita rasta, na mmea ulioshikwa nacho hauponi: ung'olewe. Watege kwa kipande cha plastiki ya njano kilichopakwa grisi. Utitiri mwekundu hupenda kiangazi na hukaa chini ya majani, ambako kwa mmea wa kichwa chini ni rahisi sana kumwona na kumwosha kwa maji ya sabuni. Sisimizi hushuka kwa kamba. Pakaa grisi kamba yenyewe karibu na ndoano.

Adui mkubwa wa mjini ni kunguru. Hungoja tunda liive, kisha hulidonoa kila moja mara moja na kuondoka. Neti ya chandarua kuukuu iliyozungushiwa mmea husaidia, ila dawa ya uhakika ni kuchuma mapema.

Kuvuna na baada yake

Chuma tunda linapoanza kugeuka rangi kitakoni, na uliache liivie ndani, mahali pakavu pasipo na jua. Ladha haipungui kwa kiasi cha mlaji kutambua. Kata kikonyo kwa mkasi badala ya kuvuta, maana mvuto mmoja wa pupa unaweza kulichana shina tunduni. Ndoo nne za nyanya ndogo zitakupatia kachumbari na kiungo cha mchuzi kwa wiki kadhaa, lakini hazitakuondolea safari ya sokoni unapohitaji sado nzima.

Mmea ukichoka, kwa kawaida kabla ya Novemba kwisha, ushushe, ung'oe na uikague mizizi kwa maji. Mizizi yenye vinundu kama shanga inaonyesha minyoo fundo imeingia na udongo, na udongo huo usirudi tena kwenye nyanya. Ikiwa mizizi ni safi, mchanganyiko huo unafaa kwa mchicha au bamia za vuli, ukiongezewa samadi. Ndoo isuguliwe kwa sabuni, ianikwe, na kuhifadhiwa ndani, na kamba ikaguliwe fundo kwa fundo kabla ya msimu ujao.